Anayesafisha maji ya Gendabi kwa mifupa

Saa moja asubuhi, Gendabi wilayani Hanang. Verediana Bura anainua kopo la maji alimoloweka kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hanusi yeye mwenyewe. Anampelekea jirani yake, mfugaji mzee Gidamis, aliyekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete."

Mzee ananusa, anafumba macho, ananusa tena. Kijijini humtania kwamba pua yake inamjua hata ng'ombe aliyepita jana.

"Hapa hakuna ng'ombe," anasema, na Verediana anashusha pumzi.

Miaka mitatu iliyopita wataalamu walikuta madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye kisima kirefu cha hapa. Yalikotoka hakuna mwenye uhakika. Maji yenyewe ni maangavu, hayana ladha wala harufu, na ndiyo maana yanatisha.

Verediana, mwenye miaka 46 na mzaliwa wa Daudi kule Mbulu, alifundishwa kuchoma mifupa kwenye tanuri, kuisaga na kuijaza kwenye pipa. Maji yakipita humo, mkaa wa mifupa unanasa risasi. Kaya 31 zinalitegemea pipa hilo, na mkaa unachoka baada ya miezi mitano hivi.

Mfupa usipoiva, maji yananuka nyama. Ukizidi kuiva, unakuwa mweupe na nguvu yake inapungua.

"Mwaka jana ulikuwa msimu wa harusi, mifupa imejaa," anasimulia. "Nikafanya haraka, nikafungua tanuri mapema. Maji yakanuka kama supu iliyolala. Watu wakayamwaga, wakarudi kunywa ya kisima, miezi miwili mizima. Mimi ndiye niliyewarudisha kule."

Familia ya mzee Gidamis ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuliacha pipa. Verediana alimfuata mwenyewe, akamwomba awe mnusaji wa kila tanuri.

Lakini pua haioni risasi. Wiki tatu zilizopita alijaza pipa upya, akatuma chupa ya maji yake maabara, Arusha. Majirani hawakusubiri majibu, walianza kuchota. Yeye alimzuia mtu mmoja tu, Oliva, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba. Oliva amekuwa akinywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye tangi. Jana yalikwisha.

"Silali vizuri," Verediana anasema. "Wenzangu nimewaachia, huyu nimemzuia. Wakiniuliza kwa nini, nitajibu nini?"

Saa tano simu inalia. Ni fundi wa maji kutoka mjini. Verediana anasikiliza amesimama.

"Majibu mazuri, mama. Maji ni salama."

"Hayo ya wiki tatu zilizopita," anajibu. "Ya leo je?"

Fundi anamwambia mkaa bado mpya, asiwe na wasiwasi. Anashukuru, lakini wasiwasi haumtoki. Anachopanga sasa ni kuiomba kata inunue kipimo kikae hapahapa, majibu yapatikane siku hiyohiyo.

Oliva amesikia. Anakuja na kikombe kitupu.

"Mama, leo ninywe?"

Verediana anafungua bomba la pipa, anakijaza, anampa. Oliva anakunywa chote. Mama mkwe wake hajapepesa macho.

"Natamani," anasema baadaye, "siku moja nimpe mtu maji bila kumtazama usoni."