Kadi Moja ya Idi kwa Pande Mbili

Chapa yetu ilianza na hijabu. Rafiki yangu alizishona Busia, upande wa Kenya, kwenye kibanda kilichotazama foleni ya malori. Mimi, niliyekuwa nimerudi kwetu Tororo, upande wa Uganda, na digrii isiyopata kazi, nilipiga picha na kuandika maneno ya kuzinadi. Halafu wateja wakaanza kuulizana mambo yasiyo ya nguo: utaswali wapi ukiwa kazini, utamwambiaje bosi kwamba umefunga. Tukawafungulia kundi mtandaoni. Vijana wa pande zote mbili za mpaka waliingia, na tulijisifu kwamba humo hakuna anayeulizwa kitambulisho.

Mmoja wao alikuwa binti wa Buhehe, kijijini upande wa Uganda, aliyesilimu akiwa chuoni. Kwao ni wakulima, Wakristo, na Mwislamu nyumbani ni yeye peke yake. Ramadhani yake ya kwanza alifunga huku wenzake wakila mbele yake, na Idi ikampita kama siku nyingine yoyote. Mwaka uliofuata alituandikia kwamba mama yake amekubali. Kuku atachinjwa na jirani Mwislamu jioni, mara mwezi ukitangazwa, kesho yake mama atampika, na nyumba nzima itakaa kula naye. Kwa Wasamia, kabila lao, kuku si chakula cha hivi hivi. Ukipikiwa kuku, umepokewa. Niliusoma ujumbe ule tena na tena, nikitafuta ndani yake sababu ya kuogopa, nikaikosa.

Jioni ya kuutazama mwezi, upande wa Kenya ukatangazwa umeandama. Rafiki yangu akatuma kundini kadi yetu kama kawaida, moja kwa wote: Idi ni kesho. Baadaye upande wa Uganda ikatangazwa kwamba haukuonekana, watu wakamilishe siku thelathini za kufunga.

Rafiki yangu aliona hakuna neno, kila mtu atafuata msikiti wa kwao. Lakini yule wa Buhehe msikiti wake ulikuwa simu. Asubuhi nikaanza kuandika masahihisho. Niliandika nikafuta. Niliogopa kuwakera wa Kenya, nikaongeza hoja za pande zote mbili, nikaenda kumuuliza shehe wa mtaani kwetu, nikarudi nikaongeza kwamba aliye Uganda na amekwisha kula, aache, siku hiyo atailipa. Nilipotuma, adhuhuri ilikuwa imekaribia.

Kule Buhehe walikuwa wamekwisha kunawa. Binti alisoma ujumbe wangu, akaondoa mkono wake sahanini. Alinisimulia mwenyewe, bila lawama, jinsi alivyojaribu kuwaeleza habari za mwezi, wadogo zake wakacheka, na mama yake akaendelea kugawa ugali kana kwamba hakusikia kitu.

Kesho yake, ilipokuwa Idi kwetu pia, tulikwenda kwao na gauni jipya na sambusa. Mama alitupokea vizuri, akatutolea viti uani. Nilianza kumwomba radhi, nikajikuta naeleza mwezi upya, Kenya hivi, Uganda vile. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, mimi nilipika siku ile mlisema," alisema. "Kwani dini yenu haijui siku yake?"

Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza. Nilipoanza tena habari za mwezi alichukua jembe, akaaga, akaenda shambani. Binti alivaa gauni, tukala sambusa watatu. Rafiki yangu alitaka picha ya kuweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Binti akasema tumngoje mama, wapigwe pamoja. Tulingoja hadi jua likapoa, kisha tukaondoka bila picha.

Hata sasa nalipima jambo lile. Ningetuma alfajiri, angefunga, na kuku angengoja kesho. Nisingetuma kabisa, angekula na mama yake, akalipa siku moja baadaye. Nilituma katikati, baada ya kufikiri sana.

Siku hizi tunatuma kadi mbili, kila upande na yake. Yeye bado yumo kundini. Idi iliyopita nilimuuliza kama mama atapika. Akanijibu kwamba hakumwomba.