Rangi ya Mto wa Mjane

Mto ulikuwa wa rangi gani? Huo ndio ubishi wa kwanza ninaoukumbuka, kabla watu hawajageukia kiuno cha shangazi yangu.

Nilikuwa nimerudi Shinyanga kutoka chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikisubiri kupangiwa kazi. Mtu wa tabia yangu hafai kupewa miezi mitupu ya kusubiri. Niliweza kumwamkia mzee njiani, akaitikia marahaba vizuri tu, nami nikatembea hadi nyumbani nikijiuliza kama shikamoo yangu haikutoka haraka mno, kama hakudhani chuo kimenivimbisha kichwa, na kama kesho niitamke taratibu zaidi au ataona ninaumwa.

Dawa yangu ilikuwa baraza ya fundi cherehani. Fundi alikuwa mtu mwembamba, ulimi wake mkali kuliko mkasi. Mwaka ule hapakuwa na vitambaa vipya, akawa anashona viraka na kugeuza kola za mashati yaliyochakaa. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, palikuwa na duka la vitambaa la mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo mjini na aliyejua Kisukuma kuliko mimi niliyezaliwa Msukuma. Rafu za duka zilikuwa tupu, kwa hiyo jioni alibeba kiti chake akavuka. Watu walimwita Tajiri. Fundi alimwita Tajiri wa Rafu.

Kilichotukusanya kilikuwa habari moja: mchezo wa Mjane unarudishwa jukwaani.

Mchezo wenyewe uliimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliutunga mwalimu mmoja wa shule ya msingi mara tu baada ya uhuru, ukachezwa katika ukumbi wa kiwanda cha kuchambua pamba, miaka kadhaa mfululizo, kila baada ya mavuno. Hadithi yake haikuwa ngumu. Mto umekauka. Kila mwenye nguvu anachimba kisima chake na kukizungushia miiba. Mjane asiye na wa kumchimbia anakwenda kukaa katikati ya mto mkavu na kuanza kuimba. Anaimba mpaka mmoja mmoja wanakuja na majembe, wanachimba kisima kimoja.

Nilikuwa mtoto wakati ule, nikikaa sakafuni mbele kabisa na watoto wengine, shingo juu. Aliyeimba Mjane alikuwa shangazi yangu. Alikuwa msichana mbichi, hajaolewa, amejipaka majivu kichwani, na wanawake wazima nyuma yetu walikuwa wakipenga makamasi kwenye khanga.

"Mto ulikuwa kitambaa cha bluu," fundi alisema. "Mimi ndiye niliyeupinda. Watu wawili wanashika ncha, wanautikisa, maji. Halafu wanauvuta, ukame."

"Kijani," alisema Tajiri. "Bluu ilikuwa imeniishia. Nilikukatia kijani, ukanuna siku nzima."

"Tajiri, macho yako yalishazoea kuona rafu tupu. Yanajaza tu."

"Na yako yamezoea viraka. Yanaona kipande kipande."

Wakanigeukia mimi. Msomi atuambie, alikuwepo, na isitoshe alikwenda kusomea michezo ya kuigiza. Nilifikiri. Kichwani mwangu mto ule ulikuwa mweupe, lakini huenda ilikuwa taa ya karabai, na huenda nilikuwa nakumbuka shuka ya nyumbani. Nikasema kwamba kumbukumbu ya mtoto ina mambo yake, kwamba kwa upande mmoja bluu inaingia akilini, lakini kwa upande mwingine kijani…

"Haya, basi, mayu," fundi alinikatiza, kwa neno la Kisukuma la kumwita mwanamke kwa heshima. "Tumeshakoma kuuliza."

Ubishi wa rangi ulikuwa mtamu kwa sababu haukumuumiza mtu. Wa pili haukuwa hivyo. Nani aimbe Mjane?

Shangazi alikuwa ameolewa Tinde, na mumewe alikuwa amefariki. Alirudi kuishi kwetu na sanduku moja la bati. Tangu arudi hakuimba. Kanisani alifumba mdomo wenzake wakiimba. Kwenye kinu, ambako hata asiye na sauti hujisahau, alitwanga kimya kama anayepigilia msumari. Baba alikuwa akisema, mwacheni, na sisi tukamwacha. Lakini juma lile habari za mchezo zilipofika nyumbani, nilimkuta asubuhi amefungua sanduku, ameitandaza kaniki ya Mjane juu ya kitanda. Aliitunza miaka yote hiyo. Na mchana, kinuni, nikasikia kitu. Haukuwa wimbo, ulikuwa mguno wenye njia. Nilisimama nyuma ya mlango nikiogopa hata kupumua, nisije nikaukatiza.

Kwa hiyo nilijua. Asipopewa nafasi ile, sauti ile itarudi sandukuni pamoja na kaniki, na safari hii haitatoka tena.

Barazani hawakujua hivyo, au hawakujali. Palikuwa na msichana mmoja wa kwaya, mwenye sauti iliyokuwa ikisikika mpaka stesheni ya reli, na vijana wote walikuwa wake.

"Nampenda shangazi yako, kila mtu anajua," fundi alisema huku akitia uzi sindanoni. "Lakini Mjane wa mwaka wa ukame, halafu ameshiba vile? Mvua itanyesha kwa aibu."

"Wakati ule alikuwa mwembamba lakini hakujua kufiwa ni nini," alisema Tajiri. "Sasa anajua."

"Kujua hakuonekani kwa mbali, Tajiri. Kiuno kinaonekana."

"Wewe unaangalia mchezo kwa utepe wa kupimia."

"Ndiyo kazi yangu. Na kaniki ile aliivaa akizungusha mara mbili. Leo ikizunguka mara moja tushukuru."

Nilipogeuka nilimwona shangazi amesimama kwenye kona ya baraza, kikapu mkononi. Alikuwa ametumwa na mama kuchukua suruali ya baba. Fundi naye alimwona. Sindano ikasimama.

"Shikamoo, dada," alisema, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba, mtoto mwema," shangazi akajibu. "Hiyo suruali umeipima kwa macho au kwa utepe?"

Tajiri alicheka mpaka akashika goti. Shangazi hakucheka. Alichukua suruali, akaenda zake.

Mwalimu aliyeutunga mchezo alikuwa amestaafu, mkono wake mmoja ukitetemeka. Alikuja barazani akasikiliza pande zote, kisha akaniuliza mimi, kama mtu wa chuo, jinsi ya kumchagua mwimbaji. Nilifurahi mno, na kwa hofu nikasema mambo mengi mno: jopo la waamuzi, kila mwimbaji peke yake chumbani, vigezo vya sauti, vya mwendo, vya umri. Mwalimu alinisikiliza kwa adabu.

"Vizuri sana," akasema. "Lakini hapa tutafanya kama Bagika na Bagalu."

Hata mimi nisiyejua chochote nililijua hilo. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Usukuma. Wakati wa mavuno vinacheza siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja, kila chama upande wake. Hakuna mwamuzi. Watu wanakwenda wanakovutwa, wanahama, wanarudi, na jua linapoinama, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Mkuu wa ngoma anaruhusiwa mbinu yoyote ila moja: haachi upande wake. Akiuacha, ameshindwa.

"Mjane aliwaita watu mtoni," mwalimu alisema. "Atakayewaita ndiye."

Siku hiyo nyumbani shangazi alikuwa akichambua maharage. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Mayu, wewe uliyesoma, niambie. Bado nafaa?"

Nilijua jibu. Lilikuwa mdomoni, lina herufi chache tu. Lakini nikawaza, nikisema ndiyo haraka ataona namhurumia, nikichelewa ataona nasita, na nikiwa nawaza hivyo nikawa nimeshachelewa, kwa hiyo nikaanza kueleza kwamba kufaa kunategemea, kwamba umri jukwaani si umri wa mwili, kwamba kuna namna mbili za kuangalia jambo hili.

Aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa nje.

"Basi," alisema bila hasira. "Utajibu kwa miguu."

Uwanja ulikuwa nyuma ya kiwanda cha pamba, mahali magari yalipopakulia. Vijimanyoya vya pamba vilikuwa vimenasa kwenye majani yote pembeni. Alasiri ile watu walikuja kama wanaokwenda mnadani. Msichana wa kwaya alisimama upande wa reli na kundi lake la vijana. Shangazi alikwenda upande wa pili na wanawake wachache wa sokoni. Alikuwa amejipaka majivu kichwani na kuvaa kaniki. Ilizunguka mara moja na kidogo.

"Dada, umeweka dawa?" fundi alimwita, maana wakuu wa ngoma hawatoki bila dawa ya kuvuta watu.

"Dawa yangu ni kwamba sina haraka," alijibu, akakaa chini mavumbini, akampa mgongo kila mtu.

Mwalimu akaangusha leso. Msichana alianza, na sauti yake ikapanda juu ya mabati ya kiwanda. Watu walikimbia kwake, nasema walikimbia, na vumbi likainuka. Vijana wakaanza vijembe: "Bibi, ukaanike mihogo!" Wanawake wa sokoni wakajibu, "Mjane gani huyo, hata kuolewa bado!" Shangazi alikuwa hajafungua mdomo.

Mimi nilibaki katikati.

Sikupanga. Nilikuwa nikipima. Nikienda kwa shangazi watasema ni damu. Nisipokwenda, nyumbani nitaingiaje? Na nikienda sasa, wakati ana watu wachache, si itaonekana ni huruma ile ile niliyoogopa aione? Nisubiri aanze. Akaanza. Ilikuwa sauti ya chini, yenye kukwaruza, wala haikutafuta mtu. Alikuwa akimwambia mtu mmoja ambaye hayupo kwamba maji yamekwisha. Nilisikia maneno niliyoyasikia nikiwa sakafuni, lakini utotoni nilidhani ni wimbo wa mto. Na bado miguu haikuondoka.

"Msomi amekuwa nguzo!" fundi alipiga kelele. Uwanja mzima ukacheka.

Ndipo sauti ya upande wa reli ilipokatika. Nilipotazama, msichana wa kwaya alikuwa akija. Alitembea taratibu, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza ukutani, na kundi lake, lisilojua la kufanya, likamfuata. Baadaye alituambia kwamba ubeti wa pili ulikuwa umemshinda mazoezini, hakujua pa kuvuta pumzi, akataka kusikia shangazi anavyofanya. Hakukumbuka kabisa kwamba alikuwa mashindanoni. Alipofika kwangu alinishika mkono.

"Dada, twende. Unangoja nini?"

Tukaenda. Uwanja wote ukaja nyuma yetu. Shangazi hakugeuka wala hakukatisha wimbo, lakini nilipofika karibu alisogea kidogo, akapigapiga ardhi kwa kiganja, mara mbili. Nikakaa hapo, majivu yake yakinigusa bega.

Ubishi uliofuata ulikuwa mrefu kuliko wote. Vijana walisema watu waliletwa na msichana, kwa hiyo ameshinda. Tajiri alisema aliyeacha upande wake ameshindwa, ni sheria ya babu zao, yeye Mhindi ndiye awafundishe? Fundi alimwita shangazi pembeni akamwuliza kama angependa kaniki iongezwe upande. Shangazi akamwambia apime, ila kwa macho.

Mchezo ulichezwa sikukuu ya wakulima. Mto ulikuwa wa marekani, kwa sababu robota moja la marekani ndilo pekee Tajiri alilokuwa nalo nyuma ya duka. Walitaka kuutia bluu ya kufulia, lakini bluu ya kufulia haikupatikana mji mzima, ukabaki na rangi ya pamba. Mwalimu alibadilisha jambo moja tu: wa kwanza kuja mtoni na jembe awe msichana wa kwaya. Shangazi aliimba. Kesho yake alitwanga akiimba, na kesho kutwa baba akalalamika kwamba hasikii redio.

Sasa nafundisha upande wa Geita. Mwaka huu, mwalimu mwenzangu aliponipeleka kumsalimia ndugu yake kwenye machimbo ya dhahabu, njia ya Katoro, tulikula wali kwa mama mmoja mwenye banda la turubai. Alikuwa akiosha sahani na kuimba chini chini. Ulikuwa ubeti wa pili, na pumzi aliivuta mahali penyewe.

Nilimwuliza ameutoa wapi.

"Shinyanga, mwalimu wangu. Nilikuwepo. Mama mmoja mnene, amekaa chini. Nililia!" Alikung'uta maji mikononi. "Na mto wao, ungeuona. Wa bluu, unang'aa."

Niliweka kijiko chini, nikavuta kigoda karibu na beseni lake.

"Haukuwa wa bluu," nikamwambia.