Simu Iliyopokelewa Upesi Mno

Kwa miaka ishirini na sita Bi Subiri alipokea simu katika ofisi ya maji. Jina hilo alibandikwa na wateja, maana ndilo neno walilolisikia zaidi kinywani mwake, naye hakuwa na kinyongo nalo.

Asubuhi hiyo, akiwa mstaafu mwenye roho juu na sanduku lililojaa nguo za kitoto, alikuwa uwanja wa ndege. Bintiye alishaingia wodi ya wazazi kujifungua mjukuu wa kwanza, mume wa binti yuko kazini ng'ambo, na hakuna mwingine wa kumshika mkono. Mara ikatangazwa kwamba ndege imefutwa.

Bi Subiri akaingia kwenye ukurasa wa shirika la ndege, akamwaga malalamiko. Hata hajavua miwani, mtu mwenye nembo ya shirika akamjibu kwa namba ya simu. Akapiga, ikapokelewa papo hapo. Kijana mwenye sauti tamu akampa pole, akamwita mama yangu mpenzi, akaapa kumpatia kiti cha saa sita mchana. Kilichobaki ni mama amsomee tarakimu sita ambazo benki imemtumia sasa hivi.

Alikuwa ameshafungua kinywa. Jamani, furaha hupofusha! Lakini mpokea simu wa zamani aliyemo ndani yake akaguna. Siku ndege imefutwa, simu ipokelewe mlio wa kwanza? Bila muziki wa kusubiria? Bila hata kufokewa kidogo?

"Mwanangu, hapo ofisini mko wangapi?"

"Tuko wengi, mama. Nisomee hizo namba."

"Basi wewe si wa huko. Sisi hatujawahi kuwa wengi."

Akakata, akatimua mbio hadi kaunta ya shirika. Mhudumu hakuinua hata uso. Alimwonyesha foleni kwa kalamu. Bi Subiri nusura amkumbatie. Alisimama saa nzima akitabasamu peke yake, watu wakimtazama kwa wasiwasi, hadi akapewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo.

Jioni aliingia wodini akihema. Bintiye, jasho likimtiririka, aliudaka mkono wa mama yake akaufinya hadi pete ikauma.

"Nilidhani hutafika, mama."

Bi Subiri alicheka huku analia, na mkono hakuutoa mpaka mtoto alipolia.