Sinia Lisilonasa Sumaku

Mtu akiniuliza nimechoka na nini, namjibu bamba. Mume wangu ni mwalimu wa ufundi chuoni, anatengeneza mtambo mdogo wa kutoa umeme kwenye haidrojeni, na katikati ya mtambo huo linakaa bamba lenye mifereji. Upande mmoja inapita haidrojeni, upande wa pili hewa, na maji yanayopatikana humo lazima yapate njia ya kutoka. Nayajua haya yote bila kupenda. Nimehadithiwa nikiosha vyombo, nimehadithiwa nikiwa kitandani na homa.

Hata chakulani hatupumziki. Tunakula sinia moja na watoto, na yeye badala ya kumega anachora kwenye wali kwa kidole. "Mifereji ikinyooka, maji yanaziba mmoja, gesi inajipitia mwingine. Ukiipinda kama nyoka, gesi haina pa kukimbilia, itayasukuma maji tu." Mchuzi unafuata njia zake mpaka kwa mtoto wa mwisho. "Baba watoto, kula," namwambia. Anakula tonge moja, halafu anachora tena.

Bamba la kwanza lilikuwa la grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Alinichafulia mashuka yote, na siku ya kukaza bolti likapasuka. La pili alilichonga kwenye alumini, likaliwa na asidi ya humo ndani mpaka likawa na ukurutu. Ndipo akaja na habari ya chuma cha pua chembamba, kinachokandamizwa mpaka mifereji ijitokeze pande zote mbili. Vipande alivyonunua mjini vilikuwa hafifu, vinanasa sumaku, vikaota kutu. Basi akaanza kuzunguka jikoni kwangu na sumaku, anagusisha masufuria, anagusisha miiko, mpaka vijiko vya chai. Kitu kikinasa, anasonya na kukirudisha. Nikamwambia mapema, tena kwa upole, gusa vyote ila sinia la mama usiliguse.

Sinia hilo mama aliniachia alipofariki. Kijijini kwetu Matombo vyombo vinaazimwa kila penye shughuli, na kisichotiwa alama ndiyo basi tena. Wengine wanapaka rangi ya kucha. Mama alikwaruza kwa msumari, chini kwenye kitako, umbo la jani la mhogo lililokaa upande. Sinia lilizunguka Matombo yote, harusi na misiba, na kila mara lilirudi kwake kwa ile alama.

Nikaenda Matombo kumwoza mdogo wangu. Narudi nimeloa, mgongo unauma kwa barabara ile, mkungu wa ndizi mkononi, nakuta sinia juu ya kabati lina dirisha la mraba katikati. Nililia palepale jikoni. Mume wangu akasimama mlangoni. "Mama watoto, sumaku haikunasa," akasema, eti ndiyo jibu. Niseme ukweli, siku ile nilimchukia.

Fundi mageti mmoja alikuwa ameshamkandamizia bamba lake kwa jeki, na mifereji ilitoka vizuri. Lakini mtambo ukavuja. Akipaka maji ya sabuni kwenye maungio, povu linatoka kona ileile. Akabadilisha mpira wa kuzibia, akakaza upya, povu. Nilifurahi, na sikujificha.

Jioni moja akarudi na bamba lenyewe, akakaa kibarazani, akaniita. Mkononi alikuwa na msasa.

"Kuna mikwaruzo hapa ukingoni, mpira unapokaa," akasema. "Gesi inapenya humo. Nikisugua kidogo tu inakwisha. Nimeona nikuulize kwanza."

Nikalichukua, nikapapasa kwa kidole. Ilikuwa alama ya mama.

"Usisugue."

"Ikibaki litavuja."

"Livuje."

Hakubisha, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa. Nilikaa nalo mapajani mpaka nikachoka. Halafu nikaenda jikoni, nikalitoa sinia na tundu lake, nikamwekea miguuni. "Hili lililobaki halina alama. Kata humu. Hiki kipande ni changu."

Siku hizi mtambo unazungusha feni ndogo kule chuoni, na wageni wakija wanaonyeshwa. Hakuna anayewaambia kwamba wanatazama sinia la mama yangu.

Sinia jipya alininunulia yeye, bila kuambiwa. Alilipima kwa sumaku dukani kwanza, mbele ya muuzaji, nikaona aibu. Tulipofika nyumbani nikaligeuza, nikachukua msumari, naye akanishikia kile kipande niangalizie. Sijafika hata nusu ya jani, akaanza kunieleza kina cha mkwaruzo na jinsi chuma kinavyojifunika ngozi mpya. Nikamwambia anyamaze, ashike vizuri.