Makofi ya Jumatatu

Miaka ya foleni za sukari ilipokwisha na maduka ya Kibaigwa yakajaa, mama yangu alianza kunywa chai kama mtu anayelipiza kisasi. Vijiko vinne kwa kikombe. Malori yaliyofuata mahindi yalikuja na sukari na soda, na sisi tuliozoea kugawiwa kilo moja moja tukaona neema imeshuka. Simlaumu. Hata mimi nilikunywa hivyohivyo.

Nilikuwa nesi wa kituo cha afya palepale. Nilipoanza kazi, wagonjwa wa kisukari walitosha benchi moja na nafasi ikabaki. Baadaye walijaa hadi barazani: madalali wa mahindi, walimu, wakulima wa vijiji vya ndani ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza. Wengi walifika wamechelewa. Huyu macho yamefifia, yule miguu imekufa ganzi, mwingine ana kidonda anachokipaka majivu tangu kiangazi. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Kipimo chetu kilikuwa mkojo. Unauchanganya na dawa ya bluu kwenye tyubu, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikigeuka nyekundu kama tofali, hali ni mbaya. Choo kilikuwa kimoja, kwa hiyo tuliwaambia watu waje na mkojo kutoka nyumbani, kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa. Halafu mimi, kwa ujuaji wangu, nikaongeza la kwangu. Nilizipanga tyubu dirishani na kila Jumatatu nikazisoma mbele ya wote. Wa bluu nilimpigia makofi, na benchi zima likapiga. Wa nyekundu nilimsema.

"Wewe mzee, wiki hii umekunywa soda ngapi?"

Watu walicheka. Niliamini nafundisha.

Mama alipata nyekundu mara mbili. Mara ya pili nilimsema kuliko wengine wote, watu wasije wakadai nampendelea. Alitazama chini, akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Kuanzia mwezi uliofuata akawa bluu, na bluu, na bluu tena. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Tukampunguzia vidonge.

Aliishi na binti yangu wa darasa la tatu, mjukuu wa kumchotea bibi yake maji. Mtoto ndiye aliyekuja kuniambia.

"Mama, mguu wa bibi unanuka."

Nilimvua mama katambuga zake za tairi. Msumari ulikuwa umepenya tairi na kuingia unyayoni, na yeye alikuwa ametembea nao asisikie chochote. Vidole viwili vilishakuwa vyeusi. Tulipata lori la mahindi, tukampakia mbele na dereva hadi Dodoma mjini.

Daktari alimpima damu, akasema sukari iko juu sana. Nilimbishia mbele ya wagonjwa, nesi mzima na sare yangu. Nikamwambia mashine yake mbovu, huyu ni mgonjwa wangu, huyu ni wa bluu. Akapima tena. Kesho yake asubuhi wakamkata mguu chini ya goti.

Siku ya tatu mama aliniita nisogee karibu.

"Mwanangu, ule mkojo haukuwa wangu."

"Ulikuwa wa nani?"

"Wa mwanao. Nilimkataza asikuambie. Ulinisema mbele ya watu wote. Mimi, mama yako."

Nilitoka nikasimama penye bomba la kufulia mashuka, nikalia huku nimefungulia maji ili wanaopita wasinisikie. Nilijichukia siku ile, na chuki hiyo haijaisha yote. Kidonda kilikataa kufunga. Mama alifariki kabla mahindi mapya hayajaanza kuingia sokoni.

Jumatatu ya kwanza niliporudi kazini niliziondoa tyubu dirishani. Watu walikaa wakingoja kusomwa. Mzee mmoja, mtu wangu wa bluu wa siku nyingi, akaniuliza kwa sauti:

"Nesi, leo hatupigiwi makofi?"

Benchi zima likacheka. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia avue viatu.