Majivu Juu ya Viazi

Bibiane alijua kutunza viazi kuliko wanawake wote wa mtaa wao wa Kadutu, mjini Bukavu, na hilo ndilo lililomponza.

Mumewe Anaclet alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu enzi za Zaïre ulikuja ulipojisikia. Kwa hiyo viazi viliposhuka kwa wingi kutoka milima ya Kabare, Bibiane alijaza depo, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jiko. Alitandika mbao juu ya matofali ili viazi visiguse udongo, akavipanga bila kuviosha, akavinyunyizia majivu makavu, akavifunika magunia mwanga usivifikie. Kila Jumamosi alivigeuza kimoja kimoja na kutoa kilicholegea kabla hakijaharibu vingine. Majirani walimtania eti analaza viazi kama watoto. Binti yake Agnès alikuwa akimsaidia kuvifunika, huku akiviambia vilale salama.

Kisha mama mkwe wake, Domitille, akafiwa na mume, akahamia kwao pamoja na kazi yake ya kupika kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi za pombe sharti zivundikwe ziive, naye akazivundika mle mle depo, ubavuni mwa viazi. Hakuna aliyejua kwamba ndizi zinazoiva huamsha viazi. Vikaanza kuota. Tena kila alipokwenda kuzibonyeza ndizi zake, bibi yule alisukuma magunia kando na kuacha mlango wazi, hata viazi vya juu vikageuka kijani.

Siku moja Bibiane alikwenda kwao Mumosho kwenye matanga. Domitille, bahili asiyetupa hata ganda, akakwangua machipukizi juu juu, akachemsha vile vya kijani, akampa mjukuu wake. Yeye mwenyewe akala ugali. Agnès alitapika mpaka akashindwa kusimama.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Domitille angesema tu, "Ni mimi nilipika," yakaisha. Hakusema. Alipouona uso wa mwanawe aliingiwa na hofu, akamvuta mkono hadi depo, akafuta kiazi kwa kidole.

"Anaclet, ona. Hii unga iko nini?"

"Maman, iko majivu."

"Majivu? Na juu ya nini mutu apake chakula majivu? Hiyo iko karuho!"

Karuho ni ile sumu ambayo Bukavu nzima inaiogopa: hakuna aliyewahi kuiona, lakini kila mtu anamjua anayeiweka. Bibiane aliporudi kesho yake, neno lilikuwa limeshazunguka mtaa. Wale wale waliomtania sasa walikumbuka kwamba waliwahi kula kwake, wakaanza kushika matumbo. Watu wabaya, nawaambia. Mlangoni alikuta nguo zake zimefungwa katika kitenge.

"Papa Agnès, majivu inakausha viazi! Unanionaga kila posho, kila Jumamosi!"

Anaclet, aliyelipwa kufundisha watoto wa wenzake kufikiri, aliangalia viatu vyake. "Uende kwenu kwanza. Tutazungumuza."

"Na mutoto?"

"Mutoto ni wa ukoo," Domitille akajibu kwa niaba yake.

Hiyo "kwanza" haikuisha. Bibiane alingoja Mumosho, akisikiliza kila mgeni anayeingia uani, na Anaclet hakufika kuzungumza wala kuomba radhi. Usiku aliota Agnès anaumwa na hakuna wa kumpa maji.

Mahindi yalipokomaa hakuvumilia tena. Alichemsha mahindi mawili, akayafunga katika jani la mgomba, akapanda Kadutu saa ambayo mama mkwe huwa sokoni. Agnès alikuwa peke yake mlangoni. Alikuwa amerefuka.

"Agnès, ni miye mama yako. Kamata, nimekuletea mahindi."

Mtoto akaficha mikono mgongoni. "Koko Domitille amesema nisikule kitu yako."

Bibiane hakukasirika. Anayeshukiwa huonja kwanza, ndivyo desturi ilivyo. Aking'ata hindi la kwanza alijilazimisha kutabasamu, akameza, akafungua mdomo aonyeshe kwamba umebaki mtupu.

"Umeona? Sasa weye."

Agnès alimtazama mdomo, akamtazama koo.

"Kula yote," akasema.

Bibiane akala yote, hindi la kwanza na la pili, machozi yakichanganyika na punje. Mtoto alisimama akimwangalia mpaka alipomaliza, kisha akaingia ndani na kusukuma komeo.