Jalada la Sitini na Nne

Ngendo amefanya kazi katika maktaba moja kwa miaka thelathini na moja. Ni jengo la mawe nyuma ya soko mjini Nyeri, vyumba viwili chini ya paa la mabati. Chumba cha mbele hujaa wanafunzi wanaosomea mitihani. Cha nyuma huingia watu wachache, na humo ndimo yalimokaa majalada ya Habari za Mlima, gazeti dogo la Kiswahili lililokuwa likichapishwa kila wiki mpaka mwenye mtambo alipofariki. Hakuna mahali pengine palipobaki nakala zake.

Miaka tisa iliyopita, Alhamisi moja ya Julai, kukiwa na manyunyu na ile baridi ya kuingia kwenye mifupa, aliingia mwanamume mrefu mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizotiwa hina. Alisimama mlangoni akapangusa viatu vyake kwa muda mrefu. Ngendo aliliona hilo, kwa sababu wengine wote huingia na matope yao.

"Madam, nimeambiwa hapa kuna magazeti ya zamani."

"Yako, mzee. Unataka ya mwaka gani?"

"Sitini na nne."

Jalada la sitini na nne lilikuwa pembeni pale paa lilipovuja wakati wa mvua za El Niño. Maji yalililowesha, na lilipokauka kurasa zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja kama tofali. Alilibeba kwa mikono miwili akamwekea mezani ajionee mwenyewe.

Mgeni aligusa ukingo wa jalada kwa kidole. Alisema anaitwa Abdilatif, anauza ng'ombe na mbuzi Nanyuki, kama baba yake kabla yake. Baba yake, Awale, alikufa kwa homa yeye akiwa na miaka minne, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Lakini mchuuzi mmoja mkongwe alikuwa amemwambia kwamba Awale aliwahi kupigwa picha na gazeti, kwenye maonyesho ya kilimo ya Nyeri mwaka huo, akiwa ameshika fahali aliyepata zawadi ya kwanza.

"Sina sura yake," alisema Abdilatif. "Nikijaribu kumkumbuka naona kanzu tu, na mkono. Hatuwezi kufungua pole pole?"

"Tukifungua itavunjika yote, mzee. Hiyo picha yako itakuwa unga."

Basi hakufungua. Lakini mwezi uliofuata alirudi, akaomba la sitini na tano, kisha la sitini na sita, huenda picha ile ilitolewa tena mahali. Akawa anakuja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Alisoma na lenzi ya mkono, akiinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa, na alipokutana na tangazo la kuchekesha, la dawa ya kuotesha nywele au la baiskeli iliyopotea Karatina, alilisoma kwa sauti, naye Ngendo akacheka akiwa kwenye meza yake.

Mume wa Ngendo, Gathogo, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Binti yake Wendy ameolewa Kutus. Nyumbani Tetu palikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na kimya kingi. Ngendo alianza kubeba chupa ya chai kubwa kuliko ya mtu mmoja. Alipojua kwamba Abdilatif hupenda chai yenye iliki, alitafuta iliki sokoni na kujifunza kiasi chake. Jumatano jioni alipiga pasi nguo ya kesho yake. Hakuna neno lililosemwa juu ya hayo. Walizungumza habari za ukame, bei ya maziwa, watoto. Yeye alimwita Mzee Abdilatif, naye akaendelea kumwita Madam.

Katika miaka hiyo ndipo Ngendo aliposikia kwamba kuna wakfu mmoja wa ng'ambo unaotoa ruzuku kwa maktaba, ili zihifadhi makusanyo yao kwenye kompyuta kabla hayajaoza. Ruzuku hiyo ililipia kamera, mashine, na hata mtaalamu wa kutenganisha karatasi zilizoshikana. Aliposoma sehemu hiyo ya mwisho alisimama akatembea chumba kizima, kisha akarudi kuisoma tena.

Aliomba mara ya kwanza. Fomu iliuliza ni nani atakayefaidika, naye akaandika wanafunzi elfu nne, watafiti, jamii yote ya mlimani. Wakakataa. Mwaka wa pili akaongeza wanafunzi wakawa elfu sita. Wakakataa tena, kwa barua ya adabu.

Halafu Abdilatif akaacha kuja. Alhamisi ya kwanza aliyokosa, Ngendo alidhani ni mvua. Ya pili, alidhani ni Ramadhani, mpaka alipotazama kalenda akaona si Ramadhani. Ya tatu alipiga ile namba aliyoiandika mzee kwenye daftari la wageni, ikawa haipatikani. Hakuijua nyumba yake. Na hata kama angeijua, angefika mlangoni aseme amefuata nini? Chai ilipoa kwenye chupa, jioni akaimwaga nje kwenye nyasi.

Mwaka ukapita hivyo. Muda wa maombi ulipofunguliwa tena, Ngendo hakuandika idadi yoyote. Aliandika juu ya mtu mmoja aliyesafiri kutoka Nanyuki kila mwezi kwa miaka mitano, akitafuta uso wa baba yake ndani ya jalada lisilofunguka, na jinsi alivyoweka kiganja juu yake kila alipoondoka. Aliandika kwamba mtu huyo haji tena, na jalada bado lipo.

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Bwana Ngatia, alivua miwani baada ya kusoma.

"Mama Wendy, ati hii ni nini? Hawa watu wanataka idadi. Hii ni kama barua ya mapenzi."

Ngendo alihisi uso ukipata moto. "Idadi tuliwapatia mara mbili. Weka sahihi tu, mwenyekiti."

Ngatia akatia sahihi. Miezi minne baadaye jibu likaja: wamekubali.

Mtaalamu aliyetumwa kutoka Nairobi aliitwa Sophie, mama wa makamo asiyependa kuharakishwa. Kwanza aliwafundisha kupiga picha majalada mazima, ukurasa baada ya ukurasa. La sitini na nne aliliweka ndani ya sanduku lenye unyevunyevu kwa siku nyingi, kisha akaanza kuinua karatasi moja moja kwa kisu chembamba kisicho na makali, akizuia pumzi. Siku nyingine zilitoka kurasa tatu. Siku nyingine haukutoka hata mmoja.

Ukurasa wa maonyesho ulitoka wiki ya sita. Chini ya picha yaliandikwa wazi maneno: Bwana Awale wa Nanyuki na fahali wake. Fahali alikuwepo, mnene, na kamba yake. Palikuwepo kanzu na mkono ulioshika kamba. Juu ya mabega palikuwa na karatasi tupu, nyeupe, iliyochunika.

Ngendo alikaa chini. Ilikuwa kama yale aliyoyasema Abdilatif siku ya kwanza, kanzu tu na mkono.

"Ngoja," Sophie alimwambia. "Usilie bado." Alichukua ukurasa uliokuwa umekabiliana na huo, akauleta dirishani. Kati ya matangazo ya mbegu palikuwa na doa la kijivu. Wino wa picha ulikuwa umeng'ang'ania upande wa pili, ukiwa umegeuka kulia kushoto kama kwenye kioo. Sophie alizipiga picha kurasa zote mbili, akaligeuza lile doa kwenye kompyuta, akalisogeza taratibu mpaka likakaa juu ya mabega. Uso ukatokea. Ulikuwa na mikwaruzo, lakini ulikuwa uso wa mtu.

Siku iliyofuata Ngendo alikwenda Nanyuki na nakala ya ukurasa mzima, picha ikiwa imekamilika, ndani ya bahasha ngumu. Aliuliza soko la mifugo. Mchuuzi mmoja akamwelekeza nyumba yenye mlango wa kijani. Aliyefungua alikuwa mwanamke mwenye mtandio, akasema yeye ni Istahil, binti wa Abdilatif.

"Mama, wewe ndio Madam wa maktaba?" aliuliza, na macho yake yakajaa. "Ingia. Lakini ujue baba haoni tena. Ni presha ya macho. Ilianza kitambo, alikuwa anatuficha."

Abdilatif alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, juani. Alipomsikia Ngendo akisalimia aligeuza kichwa haraka, akaiweka sawa kofia yake. Ngendo alimwekea picha mikononi akamwambia ni nini. Mzee alipapasa karatasi, ambayo ilikuwa laini kila mahali.

"Niambie," alisema.

"Ni mrefu. Nafikiri amekushinda. Masikio ni kama yako, yamesimama. Ako na ndevu kidogo tu, hapa chini. Bado ni kijana, mzee. Ni mdogo kuliko Istahil."

"Anaangalia wapi?"

"Haangalii kamera. Anaangalia fahali, kama anaogopa atakimbia."

Abdilatif alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Istahil alitaka kumwendea, kisha akabaki alipokuwa. Ngendo akasoma ukurasa mzima kutoka juu: waliopata zawadi ya kahawa, ya kuku, ya mkate, hata matangazo ya chini. Alipomaliza, adhana ya alasiri ilikuwa inasikika.

"Madam," alisema Abdilatif, "miaka mitano nilikaa na wewe chumba kimoja, na wewe sikukuangalia vizuri. Macho yote nilimaliza kwa magazeti. Sasa hiyo ndiyo najuta."

Ngendo alimmiminia chai ya iliki kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akauongoza mkono wa mzee mpaka kwenye kikombe, na akauacha wake juu yake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku hizi Habari za Mlima husomwa na watu walio mbali. Bi Kabura wa Sagana ameandika kwamba ameona tangazo la ndoa ya mama yake. Chumba cha nyuma hakina mtu, na Alhamisi ni siku ndefu. Ngendo atastaafu Desemba. Juzi Wendy alimpigia simu kumwambia ahamie Kutus akae na wajukuu. Ngendo akasema atafikiria. Kisha akauliza, kana kwamba ni habari nyingine kabisa, kama Wendy anamjua mtu yeyote anayepangisha nyumba Nanyuki.